Dafnia na saiklopsi, usiwachanganye
Chota maji ya bwawa kwenye glasi uyaangalie kwenye mwanga, utaona hawa wanyama wawili wadogo sana wa majini na kwa kweli hawafanani kabisa. Dafnia anarukaruka kama kiroboto, gamba lake ni kama nailoni yaani moyo unauona ukidunda, mayai anabeba mgongoni, na maji yakiwa mazuri jike anazaa bila dume, watoto wanatoka wamefanana na mama. Saiklopsi ni kopepodi, yaani kundi lingine la viumbe wadogo wa majini, ana vifuko viwili vya mayai vinaning'inia pembeni ya mkia, dume lazima awepo, na mtoto anajivua gamba mara kibao ndo awe mkubwa. Wote ndugu zake kamba na kaa. Kulishia vifaranga vya samaki mi nachukua dafnia, saiklopsi ana mbio sana, halafu huyo ndo anabeba mnyoo wa Guinea kwa hiyo maji ya kunywa chujeni jamani.