Glavu za mtumba za hoki ya barafuni kutoka Mwanjelwa: je, zinausaidia mkono unaouma kwa mikwaju?

Belo la vifaa vya michezo linapofunguliwa katika safu za mitumba za Mwanjelwa, hapa Mbeya, mara chache hutokea ndani yake jozi ya glavu kubwa zenye vidole vinene, migongo iliyojazwa sponji ngumu na shingo pana inayopita kifundo cha mkono. Ni glavu za mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, na kwa kuwa mchezo huo haupo katika nyanda hizi, muuzaji hupata tabu kuzieleza. Yule aliyeniuzia zangu alikuwa amezichanganya na glavu za makipa na za pikipiki, akiwanadia madereva wa bodaboda kwamba zinazuia baridi ya alfajiri ya Uyole. “Kaka, ukivaa hizi hata Kitulo unalala nje,” alimwambia mteja aliyekuwa mbele yangu. Dereva yule alizijaribu akaziacha, na aliamua vyema, kwa sababu vidole vyake vilivyokuwa ndani ya sponji visingeweza kuuhisi mkono wa breki. Bei ilianzia shilingi 40,000, nami nilizichukua kwa 25,000.

Naziandikia tathmini hii kwa sababu katika kikundi chetu kidogo cha watu wanaocheza kwa viatu vya magurudumu kwenye uwanja wa zege, swali moja limekuwa likirudi: je, glavu hizi zitamwondolea mtu maumivu ya kiganja na kifundo yanayomjia baada ya kupiga mikwaju mizito? Jibu langu ni kwamba glavu ni nzuri, na thamani yake inazidi bei niliyolipa, lakini anayezinunua kwa ajili ya maumivu hayo ananunua kinga ya jambo jingine.

Ili hukumu hiyo ieleweke, ni lazima kwanza tuutazame mkwaju wenyewe, ule ambao wachezaji wa barafuni huuita slapishoti. Mpigaji huliinua gongo nyuma hadi usawa wa kiuno au juu zaidi, kisha hulishusha kwa nguvu, na bapa lake hugonga barafu kwanza, sentimita chache nyuma ya kisahani, kabla ya kukigusa kisahani chenyewe. Kugonga huko barafu ndiko siri ya mkwaju, kwa kuwa mpini hupinda, huhifadhi nguvu, kisha hunyooka ghafla na kukirusha kisahani, ambacho ni kipande cha mpira mgumu chenye uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Beki Zdeno Chára, mwaka 2012, katika mashindano ya ujuzi ya nyota wa NHL, ligi kuu ya mchezo huu huko Amerika Kaskazini, alikirusha kwa mwendo wa takriban kilomita 175 kwa saa. Sasa, mtikisiko ambao haukupotea katika kupinda na kunyooka huko hupanda kwenye mpini hadi katika mikono miwili iliyoushika, na aliyewahi kulima shamba lenye mawe anaujua mtikisiko huo, kwa maana ni uleule unaopita katika mpini wa jembe lililogonga mwamba.

Glavu hizi hazikuundwa kuuzuia mtikisiko huo. Sponji yake yote imewekwa mgongoni mwa mkono, juu ya vidole, kwenye kidole gumba na shingoni, yaani mahali ambapo gongo la mpinzani au kisahani kinachoruka kinaweza kumpiga mchezaji. Kwa kazi hiyo sina lawama yoyote. Nimegongwa vidole kwa gongo nikiwa nimezivaa na sikupata hata alama, na kipande kigumu kilichofichwa ndani ya kidole gumba, ambacho hukizuia kisipindwe kwenda nyuma, ni kitu ambacho glavu za bei nafuu za pikipiki hazina. Kiganja, kwa upande wake, ni tabaka moja tu la ngozi bandia, jembamba, laini, lisilo na sponji. Watengenezaji wamefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu mchezaji anahitaji kulihisi gongo anapochezea kisahani na anapopokea pasi, na kiganja kinene kingemnyima hisia hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba kasoro hiyo inaweza kurekebishwa na fundi viatu. Jozi yangu ilikuwa na tundu kwenye kiganja cha kulia, nami nikampelekea fundi, ambaye kwa shilingi 5,000 alishonea kipande cha ngozi ya mbuzi kwa ustadi ambao sikuutarajia kwa bei hiyo. Ushonaji umedumu. Hata hivyo, ngozi nene hutaka kubanwa zaidi ili gongo lisiteleze, na mkono unaobana kwa nguvu muda wote huchoka hadi kwenye misuli ya kigasha, kisha hupokea mtikisiko vibaya zaidi kuliko mkono uliolegea kiasi. Kwa hiyo kiraka kiwe chembamba kadiri inavyowezekana, na kishonewe pale penye tundu tu.

Ukubwa nao una uzito katika jambo hili. Glavu hizi hupimwa kwa inchi, na namba yake huandikwa ndani ya shingo au pembeni. Za watu wazima huwa kati ya 13 na 15. Katika mitumba hakuna kuchagua sana, na mtu hushawishika kuchukua jozi kubwa kwa kuwa ndiyo iliyopo. Asifanye hivyo. Ncha za vidole zikibaki mbali na mwisho wa glavu, kitambaa hujikunja kati ya kiganja na mpini, malengelenge hutokea, na mchezaji hulazimika tena kubana. Zangu ni za inchi 14 na zinanitosha bila kuchezacheza.

Chanzo kikubwa zaidi cha maumivu, kwa kadiri nilivyoona katika kikundi chetu, ni gongo lenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu magongo nayo hupatikana katika mabelo hayohayo na hununuliwa kwa macho tu. Gongo la nyuzi za kaboni huandikwa ubavuni namba ya ugumu wake. Namba hiyo ni kiasi cha nguvu, kwa ratili, kinachohitajika kuupinda mpini kwa inchi moja, na kanuni ya mazoea ni kwamba mtu mzima achague namba iliyo karibu na nusu ya uzito wake kwa ratili. Kwa sisi tunaojipima kwa kilo, njia ya mkato ni kuchukua kilo zako na kuongeza sehemu ya kumi: mwenye kilo 70 anafaa gongo la namba 77 hivi. Gongo la namba 100 ni la mtu wa kilo 90 na kidogo. Sasa mtazame kijana wa kilo 58 anayelipiga zegeni gongo la namba 100, kwa kuwa ndilo lililokuja na belo. Kwake mpini hupinda kidogo mno, na nguvu ambayo ingehifadhiwa humrudia yeye viganjani. Chára ana urefu wa sentimita 206. Gongo gumu lilikuwa na mahali pa kukaa katika mwili wake.

Tatizo huzidi kwa sababu magongo ya mtumba mara nyingi yamekwisha kukatwa juu na mmiliki wa kwanza ili yalingane na kimo chake, na mpini mfupi huwa mgumu zaidi ya namba iliyoandikwa. Mnunuzi aangalie ncha ya juu. Ikiwa kizibo cha kiwandani hakipo na kingo zina alama za msumeno, basi ahesabu kwamba gongo ni gumu kuliko linavyojitangaza. Alipige pia kwa ukucha kutoka juu hadi chini akisikiliza, kwani palipo na ufa sauti hufifia.

Kisha kuna uwanja. Barafu huteleza, zege hung’ang’ania. Barafuni bapa likigonga nyuma ya kisahani huendelea kuteleza mbele, lakini zegeni hukwaruza na kusita, na kusita huko ndiko kunakoutia mkono mshtuko ambao mchezaji wa Kanada hakutani nao katika mkwaju safi. Wakenya wa timu ya Ice Lions, ambao mchezo wao ulikulia katika kiwanja cha barafu cha Hoteli ya Panari jijini Nairobi, wana barafu ya kweli chini yao. Sisi hatunayo, na umande unaoganda majanini huko Kitulo mwezi Juni haumbebi mtu. Kwa maoni yangu, mkwaju kamili wa kugonga chini haufai kabisa kwenye zege. Tupige ule wa kusukuma kwa kifundo, bapa likiwa limegusana na kisahani tangu mwanzo, na maumivu mengi yatapungua hata kama mtu amevaa glavu za kulimia.

Yapo maumivu ya aina moja ambayo hayastahili kusubiriwa yapungue yenyewe. Mkono wa juu hushika ncha ya mpini, na ncha hiyo hukandamiza sehemu ya chini ya kiganja upande wa kidole kidogo, mahali penye mfupa mdogo uitwao hamati, wenye kichomozo chenye umbo la ndoano. Kichomozo hicho kinaweza kuvunjika, na wachezaji wa gofu, wa tenisi na wa besiboli hupata jeraha hilohilo kutokana na mpini kugonga mahali hapo. Dalili zake ni maumivu unapobonyeza sehemu hiyo, kushika kitu kwa udhaifu, na wakati mwingine ganzi katika kidole kidogo na cha pete, kwa kuwa neva inayovihudumia hupita kando ya ndoano hiyo. Picha ya kawaida ya eksirei, ya mbele na ya ubavu, inaweza isiuonyeshe ufa huo. Ndiyo maana mgonjwa anapaswa kumweleza daktari kinagaubaga kwamba alikuwa akipiga kwa gongo na ni wapi hasa panapouma, ili pawe na picha inayopigwa kwa pembe ya kuonyesha mfereji wa mifupa ulio chini ya kiganja, kwenye kifundo, au kipimo cha siti-skani. Ufa uliowahiwa unaweza kufungwa hogo kwa wiki kadhaa. Uliochelewa mara nyingi huishia kwa upasuaji wa kukitoa kipande. Glavu za inchi 14 hazibadilishi lolote katika hayo.

Kinachobadilisha kidogo ni ncha ya mpini, nayo hugharimu fedha ndogo kuliko kiraka cha fundi. Nilikata ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli, nikauzungusha kwenye ncha hadi ukafanya kifundo cha mviringo, kisha nikaufunika kwa utepe wa kitambaa. Kifundo hicho hukaa nje ya kiganja badala ya kuchimba ndani yake, na huuzuia mkono usiteleze, kwa hiyo hakuna haja ya kubana. Katika vyote nilivyotumia fedha kwa ajili ya mkono wangu, hicho ndicho kilichonipa nafuu niliyoihisi siku ileile.

Kuhusu utunzaji, glavu za mtumba huja na jasho la mtu mwingine, na harufu yake haifichiki. Nilizifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kidogo, nikazianika kivulini na upeponi, kwani jua kali hukakamaza ngozi ya kiganja na kuipasua. Katika miezi ya Juni na Julai huchukua muda mrefu kukauka hapa Mbeya, na glavu mbichi katika baridi ya asubuhi ni mbaya kuliko kutokuwa nazo, kwa kuwa vidole vilivyopoa hukaza mpini bila mwenyewe kujua. Mtu apashe mikono joto kwanza, na mikwaju mizito aiache hadi mwisho wa mazoezi.

Muuzaji alikuwa mwungwana. Aliniruhusu kuzijaribu nikiwa nimeshika mpini wa ufagio wa jirani yake, na akakubali nirudishe iwapo ningekuta mshono uliofumuka ndani. Hakuwa na maelezo ya maana kuhusu bidhaa yake, wala simlaumu kwa hilo.

Kwa anayecheza nafasi ya ulinzi na kugongwa vidole mara kwa mara, ningesema anunue, mradi zimtoshe na bei isipite 30,000. Kwa anayeumwa kiganja baada ya kupiga, ningemshauri aanze na namba iliyo ubavuni mwa gongo lake na ukanda wa mpira wa baiskeli, na 25,000 zake aziweke kwa ajili ya picha ya mkono iwapo maumivu ya upande wa kidole kidogo yataendelea. Nilipopita kibandani mara ya mwisho palibaki jozi moja ya inchi 12, nyeusi, yenye viganja vizima, ambayo inamfaa mtoto au mtu mwenye mikono midogo.