Tremol-No na kipande cha mninga: njia mbili za kufunga daraja la gita la umeme

Mpiga solo wa muziki wa dansi hana nafasi ya kusimama. Sebene ikishaanza, wachezaji wako uwanjani, rithimu na besi wanakusubiri wewe, na ukikatikiwa na uzi mmoja unatakiwa uendelee na tano zilizobaki hadi wimbo uishe. Gita langu la mtindo wa Stratocaster, gita la umeme la kampuni ya Fender, lilininyima uwezo huo kwa muda mrefu, kwa sababu daraja lake, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gita, halikufungwa: lilikaa juu ya springi, likiwa limeinuka kidogo kutoka kwenye mbao, na uzi wa G ulipokatika siku moja tukiwa jukwaani, nyuzi zote zilizobaki zilipanda sauti kwa wakati mmoja, kila moja kwa kiasi chake. Tangu siku hiyo nimejaribu njia mbili za kulifunga daraja hilo, moja ya kipande cha mbao ya mninga na nyingine ya kifaa kiitwacho Tremol-No, nami naandika hapa niliyoyaona katika kila moja.

Kwanza ieleweke kinachotokea. Katika mfumo ambao Fender ilianza kuuza mwaka 1954, daraja limeshikiliwa kwa mbele na skrubu sita, na chini yake kuna kizito cha chuma kinachoshuka ndani ya mwili wa gita. Ukifungua kifuniko cha nyuma utaona springi, tatu hadi tano, zinazokivuta kizito hicho kuelekea shingoni, wakati nyuzi kwa juu zinalivuta daraja liinuke. Nyuzi sita za seti ya namba 10 (ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.010) zikiwa zimetyuniwa kikawaida huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 40, na springi zinapaswa kuvuta kiasi kinacholingana nazo. Mizani hiyo ikiguswa popote, kila kitu kinahama. Ukivuta uzi mmoja kwa kidole, nyingine zinashuka sauti. Ukiegemeza kiganja darajani ili kufifisha nyuzi, kama wapiga rithimu wanavyofanya, sauti inapanda. Ukishusha uzi mnene wa E hadi D kwa ajili ya wimbo mmoja, itakubidi utyuni upya nyuzi zote. (Fender waliuita mfumo huu tremolo, na jina limebaki, ingawa tremolo kwa maana sahihi ni kupanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti; kinachofanywa na mkono wa chuma unaochomekwa darajani ni vibrato, yaani kupanda na kushuka kwa kimo cha sauti.)

Njia ya kwanza niliyotumia ni ya mbao. Nilikwenda Keko, Dar es Salaam, kwa fundi seremala nikaomba kipande cha mninga mkavu kutoka kwenye mabaki yake, nikampa vipimo vya nafasi iliyopo kati ya kizito cha chuma na ukuta wa nyuma wa tundu, yaani upande ulio mbali na shingo. Akakikata kikubwa kidogo kuliko vipimo, kama nilivyomwomba, nami nikakaa barazani na karatasi ya msasa nikikipunguza taratibu, nikisugua na kukijaribu, hadi kikafika mahali ambapo kiliingia kwa kusukumwa na dole gumba na kukaa bila kulegea. Kabla ya hapo nilikuwa nimeongeza springi hadi tano na kukaza skrubu mbili zinazoshika kile kibao cha chuma kinachobeba springi, mpaka daraja likalala kabisa juu ya mbao. Kwa hiyo springi zinalizuia lisiinuke, mwili wa gita unalizuia lisizame, na mninga unakizuia kizito kisirudi nyuma. Hakuna pa kwenda.

Matokeo yake yalikuwa mazuri mno, na sioni aibu kusema kwamba nilifurahi kama aliyenunua gita jipya. Mpiga gita maarufu wa Uingereza, Eric Clapton, amepiga hivyo kwa miaka mingi, na Stratocaster yenye jina lake, iliyoanza kutolewa mwaka 1988, hutoka kiwandani daraja likiwa limefungwa kwa mbao. Jambo moja tu namsihi mpigaji mwenzangu: asitumie gundi. Fundi mmoja aliwahi kunishauri nimimine gundi ngumu ndani ya tundu ili mambo yaishe, na kama ningemsikiliza nisingeweza kurudi nyuma tena.

Hata hivyo bendi yetu ina nyimbo mbili za taratibu ambazo mkono wa vibrato unazipendeza, na kutoa mninga na kuurudisha katikati ya onyesho hakuwezekani. Ndipo nilipomwagiza ndugu yangu aliyeko Marekani aniletee Tremol-No.

Kifaa hiki kinachukua nafasi ya kibao kinachobeba springi. Kina fimbo laini ya chuma inayoungana na kizito cha daraja kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili inaingia ndani ya mrija uliofungwa kwenye kibao kipya. Daraja likisogea, fimbo inateleza ndani ya mrija. Ukikaza skrubu za kidole zilizo kwenye mrija, fimbo inashikwa na daraja linaganda lilipo. Kuna skrubu nyingine zinazoweka kituo, ili daraja liweze kushusha sauti lakini lisiweze kuipandisha. Kwa hiyo unapata hali tatu katika gita moja: huru kabisa, kushusha tu, na kufungwa kabisa. Yapo matoleo tofauti, na gita la mtindo wa Fender kwa kawaida huchukua lile la pini, ambalo huingia kwenye tundu la springi la katikati. Maana yake unapoteza nafasi ya springi ya kati na kubaki na mbili au nne, jambo ambalo kwangu halikuwa na madhara.

Kukifunga kunahitaji subira. Waya wa ethi uliolehemiwa kwenye kibao cha zamani lazima uhamishiwe kwenye kipya, la sivyo gita litavuma hata unaposhika nyuzi. Lakini kazi kubwa ni kunyoosha fimbo. Ikiingia mrijani kwa pembe hata kidogo, itakwaruza na daraja halitarudi pale lilipotoka, na hapo utajikuta umeharibu hata ile hali ya huru uliyokuwa nayo. Nilikaza na kulegeza skrubu za kibao mara nyingi, upande huu robo mzunguko, upande ule robo mzunguko, hadi niliposukuma fimbo kwa kidole na kuiona inateleza kimya bila kushika popote.

Baada ya hapo nilitwaa tyuna na kupima. Daraja likiwa huru, nilipiga uzi wa B na G pamoja, kisha nikauvuta ule wa G. Mshale wa B uliinama kushoto waziwazi. Nilipokaza skrubu na kurudia, mshale wa B haukutikisika. Nilishusha E hadi D na nyuzi nyingine tano zikabaki zilipo. Mwisho nililegeza kabisa uzi wa G kana kwamba umekatika, nikapiga skeli nzima kwenye nyuzi zilizobaki, na gita lilikuwa sawa. Kwa mtu aliyewahi kuaibika mbele ya watu kwa sababu ya uzi mmoja, jaribio hili la mwisho lilikuwa na thamani kuliko bei yote ya kifaa.

Bei yenyewe si ndogo. Ni mara nyingi ya bei ya seti ya nyuzi, na usafiri juu yake. Pia kuna tabia moja ambayo lazima uizoee. Ukibadilisha tyuni wakati daraja limefungwa, springi bado zinavuta kwa nguvu ya zamani na kufuli ndilo linalozizuia. Ukilegeza skrubu katika hali hiyo, daraja litaruka na nyuzi zote zitahama. Kwa hiyo mimi hurudisha E mahali pake kwanza, nikatazama tyuna, ndipo nikafungua. Kifuniko cha plastiki cha nyuma nacho nimekiacha nyumbani, kwa kuwa skrubu za kidole hazifikiki kikiwapo, na sasa hulazimika kufuta vumbi ndani ya tundu kila ninapobadilisha nyuzi.

Kwa anayetumia mkono wa vibrato japo katika wimbo mmoja, Tremol-No inastahili fedha zake, hasa kama anashusha tyuni mara kwa mara. Lakini asiyeutumia kamwe, na wengi wetu katika dansi ndivyo tulivyo, hana sababu ya kuagiza kitu ng'ambo. Kwa sikio langu mninga unatoa sauti iliyoshikamana zaidi, na hauhitaji kukumbukwa baada ya kuwekwa. Gita langu la pili, ambalo hupiga nalo rithimu, sasa ndilo lenye kipande kile cha Keko, na sina mpango wa kukitoa.