Kula nje Mbeya bila ngano: uzoefu wangu

Nina ugonjwa wa seliaki: gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano), huumiza utumbo wangu. Nafaka hizo ni marufuku kwangu, hata chembe iliyobaki kwenye kisu. Kwa hiyo nikiingia mahali pa kula, kabla ya bei nachungulia karai la mafuta.

Mbeya inanibeba kwa kweli. Wali wa mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, viazi mviringo, ugali wa dona, maharage: vyote havina gluteni. Tabu ni asubuhi, maana kila kona ni chapati, maandazi na sambusa. Mimi naagiza supu na ndizi za kuchemsha. Uji wa lishe sigusi, unga wake mara nyingi umechanganywa na ngano.

Mchana nakula kwa mama lishe mmoja karibu na soko la Mwanjelwa. Jiko lake liko mbele ya macho yako. Nilimuuliza, "Dada, mchuzi huu umetia unga wa ngano?" Akacheka. "Kaka, uzito wote huo ni nyanya na karoti. Ila samaki nimewapaka ngano wasigande kwenye karai, hao waache." Sikuwa hata nimeuliza habari za samaki! Akanipakulia maharage na mchicha kwa mwiko uliokuwa humo humo kwenye sufuria.

Linganisha na hoteli moja ya vitambaa vya meza, hapa hapa mjini. Mhudumu alisema "haina shida, bosi" kabla sijamaliza swali. Nikamwomba amuulize mpishi. Akarudi kapoa: rosti imeongezwa uzito kwa ngano, kuku kalowekwa kwenye sosi ya soya (ile ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano). Nikaishia wali mweupe na kachumbari, kwa bei ya kuku.

Chipsi kula pale wanapokaanga chipsi na mayai tu. Mafuta yakishapita sambusa, basi tena. Soseji ziache, nyingi zina ngano ndani. Bia nayo ni shayiri, pole.

Mama lishe nampa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ikifika saa nane mchana masufuria yamekwisha, na Jumapili hafungui.