Maneti ya Kununua Lubumbashi: Tazama Kijiti Kabla ya Kutazama Jina

Mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi ambapo vumbi jekundu la Lubumbashi huingia hata ndani ya kabati lililofungwa, nilinunua maneti, yaani kile kidude cha kushika mkononi cha kuchezea michezo ya video, ya mashine ya PS4 kwa dola 45 katika duka moja la mjini. Ilikuwa ndani ya sanduku, imefungwa plastiki, na muuzaji aliniapia: «Mama, hii ni orijino, imetoka Dubai.» Wiki tatu baadaye mpwa wangu aliniita kutoka sebuleni: «Tantini, mutu wangu anatembea ye mwenyewe!» Nilipofika nilikuta vidole vyake havigusi kitu, na beki wake anajiondokea polepole kuelekea kibendera cha kona, huku mshambuliaji wa upande wa pili akipita katikati bila kizuizi.

Sitasema habari za rangi, uzito wala taa za maneti, kwa kuwa hayo kila mnunuzi hujionea mwenyewe. Nitashughulika na ugonjwa mmoja tu, ule wa kijiti cha kidole gumba kinachohama, yaani kinachosogeza mchezo bila kuguswa, kwa sababu ndio unaozimaliza maneti nyingi katika nyumba zetu na katika vyumba vya michezo vya mitaa ya Katuba na Kenya hapa mjini, na ndio ambao hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia.

Niliipeleka maneti yangu kwa fundi wa simu kule Kamalondo. Alifungua skrubu nne, akaifungua moduli, yaani kisanduku kidogo kinachobeba kijiti, ya upande wa kushoto, akapitisha ndani yake kijiti cha pamba kilicholowa alkoholi. Pamba ilitoka nyeusi kama iliyopita kwenye sufuria ya makaa. Hiyo ilikuwa kaboni. Ndani ya vijiti vya kawaida mna potenshiometa mbili, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini. Katika kila moja ulimi mdogo wa chuma husugua njia ya kaboni, na mahali ulimi uliposimama ndipo mashine hujua kijiti kimeelekea wapi. Kusugua huleta unga, unga huharibu kipimo, na siku moja kijiti kilichosimama wima husomeka kana kwamba kimesukumwa. Wiki tatu haziwezi kutoa unga mwingi namna ile. Fundi alinionyesha vichwa vya skrubu vilivyokwisha kuchubuka, na hapo nikaelewa kwamba niliuziwa maneti kuukuu iliyovishwa ganda jipya.

Hata hivyo, maneti mpya ya kweli nayo haina kinga. Moduli za kampuni ya Alps zilizomo ndani ya DualSense, maneti ya PS5, zimekadiriwa na mtengenezaji wake kuvumilia mizunguko milioni 2, hesabu inayoonekana kubwa mpaka utakapokumbuka kwamba mchezo mmoja wa mpira huzungusha kijiti mara mia nyingi. Nintendo nayo ilipata malalamiko mengi kuhusu maneti zake za Joy-Con za mwaka 2017, hata rais wake, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi mwezi wa Juni 2020.

Dawa ya ugonjwa huu haikugunduliwa jana. Mwaka 1879 Edwin Hall aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na kipande kinachopita umeme, volti ndogo hutokea upande, nayo yaweza kupimwa. Kijiti kilichojengwa juu ya kanuni hiyo hubeba sumaku, na kihisi huisoma kwa mbali. Katika kupima hakuna kinachosuguana na kingine, kwa hiyo hakuna unga wa kaboni. Sega ilitumia sumaku katika maneti ya Dreamcast, mashine iliyotoka Japani mwaka 1998. Linaloniuma ni kwamba makampuni makubwa yaliijua njia hii tangu zamani, nayo yakaendelea kutuuzia kaboni.

Wako watakaosema kwamba kasoro hii inafichika kwa kuongeza eneo bubu katika mipangilio, yaani ule upana wa katikati ambao mchezo hauusikilizi. Ni kweli inafichika, lakini hasara yake ni kubwa. Wabunifu wa michezo huhangaika ili msukumo mdogo wa kidole gumba uwe hatua ya kunyatia, na msukumo mkubwa uwe mbio. Ukipanua eneo bubu, mnyato hutoweka, na shabaha ya mbali huruka badala ya kusogea. Mchezaji aliyekuwa amezama ndani ya mchezo, asiyekumbuka tena kwamba ameshika kitu mkononi, hurudishwa ghafla sebuleni kwake. Kwangu mimi huko kuzama ndiko tunakonunulia mashine hizi.

Kwa mwenye kucheza kwenye kompyuta ya Windows au simu ya Android, ninaweka nafasi ya kwanza 8BitDo Ultimate 2C, na sifichi kwamba kampuni hii ninaipenda. Ilitoka mwaka 2024 kwa bei ya dola 30 hivi, na ina vihisi vya sumaku katika vijiti na pia katika vifyatulio, vile vitufe vya nyuma vya kuvuta kwa kidole. Yangu imepita katika mikono ya watoto watatu na kiangazi kizima, na ukiiacha mezani vijiti vyake havihami. Kampuni hiyohiyo, katika Ultimate 2 ya mwaka 2025, imeingiza vihisi vya TMR, ambavyo pia husoma sumaku bila kugusa lakini hula umeme mdogo kuliko vile vya Hall. Naamini huko ndiko maneti zote zitakakoelekea, na mwenye fedha ya ziada asisite.

Ya pili ni GameSir G7 SE, kwa mwenye Xbox au kompyuta. Ina vijiti vya sumaku na waya wa mita 3, na waya huo usiudharau katika mji ambao umeme hukatika usiku kabla hujachaji kitu, kwa kuwa maneti isiyo na betri haina betri ya kufa. Maneti ya Xbox yenyewe ninaiweka chini yake. Hutumia betri mbili za AA, zile za kila kioski, na hilo ni jema sana kwetu, lakini vijiti vyake ni vya kaboni.

DualSense inanipa taabu ya moyo. Sijashika maneti nyingine inayokufanya uusikie uzi wa upinde ukikaza chini ya kidole, kwa vile vifyatulio vyake hubadilisha ugumu kufuatana na tendo la mchezo. Kwa upande wa kuzama, iko mbele ya zote nilizozitaja. Ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa dola 70, na kwa bei hiyo tunapewa kaboni ileile. DualSense Edge ya mwaka 2023, ya dola 200, inakuruhusu kuchomoa moduli iliyochoka na kuweka nyingine, ila hiyo nyingine nayo ni ya kaboni. Mwenye PS5 hana pengi pa kukimbilia, kwa sababu michezo ya PS5 haiikubali maneti ya PS4. Anunue DualSense ya kawaida, na aihifadhi ndani ya kitambaa wakati wa vumbi.

Maneti za dola 8 hadi 15 zilizotandazwa sokoni sina la kuzisemea, isipokuwa hili: neno «Hall» likiandikwa kwenye sanduku lake, uliza kama ni la vijiti au la vifyatulio tu.

Sasa wauzaji. Siku niliyonunua ile ya dola 45, kijana wa duka alizichukua noti zangu moja moja, akaziinua kwenye mwanga, akazipapasa pembeni, akairudisha ile ya 20 kwa sababu ya mpasuko usiozidi ncha ya ukucha. Nilimpa nyingine. Nilipoomba kuifungua maneti niijaribu, aliniambia plastiki ikichanwa nimeshanunua, na juu ya kichwa chake palikuwa na kibao kisemacho kwamba kitu kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi. Noti yangu ilistahili kukaguliwa, bidhaa yake haikustahili. Na bei yenyewe hupandishwa kwa jina la njia na ushuru wa Kasumbalesa, mpaka uleule ambao malori ya shaba yetu huupita kila siku kwenda nje.

Kwa hiyo usikubali kununua bila kujaribu. Chukua simu ya Android, kwenye maneti ya PS4 bonyeza pamoja Share na kitufe cha PS mpaka taa iwakewake, iunganishe kwa Bluetooth, kisha fungua ukurasa wowote wa kupima maneti. Kila kijiti kitaonyesha namba mbili kati ya -1 na 1. Kisukume mpaka mwisho, kiachie kirudi chenyewe, rudia mara ishirini kila upande. Kikitulia karibu na 0 kila mara, lipa. Kikirudi mara kwenye 0.02 na mara kwenye 0.11, mrudishie mwenyewe.

Wenye PS4, ambao ndio wengi hapa kwetu, hawawezi kutumia 8BitDo bila kifaa cha kuunganishia. Ushauri wangu kwao ni kutafuta DualShock 4, yaani maneti ya PS4 ya Sony yenyewe, ya kweli iliyotumika, hata kama vijiti vinahama, mradi vitufe na betri ni vizima, kisha waagize moduli za sumaku za kampuni ya GuliKit. Kazi yake inataka mkono uliotulia: moduli ya zamani imelehemiwa kwa miguu zaidi ya kumi, na fundi mwenye haraka atang'oa shaba ya bodi. Ikishawekwa ni lazima katikati yake isawazishwe kwa kompyuta, jambo ambalo fundi wangu hakulijua mara ya kwanza, na kijiti kipya kikasimama kwenye 0.14. Tuliisawazisha siku iliyofuata nyumbani kwangu, mpwa wangu akiwa amesimama nyuma ya kiti, mpaka namba ikashuka kwenye 0.01 na ikabaki hapo.