Fumbo la maneno la kila siku gazetini: uzoefu wangu hapa Mombasa

Nanunua gazeti la Kiingereza kila siku ya kazi kwa ajili ya ukurasa mmoja tu, ule wa mafumbo. Siasa nazisikia redioni, na matokeo ya mpira hunifikia hata nisipoyatafuta. Wenzangu ofisini hapa Kilindini wameniuliza mara nyingi kama kweli fumbo la maneno (crossword) lina thamani ya bei ya gazeti zima. Mimi nasema linayo, tena inazidi, kwa sharti moja: usilijaze peke yako, ukakunja gazeti, ukaenda zako. Utamu wenyewe uko katika kukaa na watu mkaelezana kila jibu limetokana na nini, na sehemu hiyo ndiyo gazeti halikupi.

Kwanza nieleze kinachouzwa. Gazeti ninalolinunua huweka mraba wa visanduku 15 kwa 15, vyeupe na vyeusi, uliopangwa hivi kwamba ukiugeuza juu chini vile vyeusi vinabaki mahali palepale. Chini yake mna seti mbili za vidokezo, moja nyepesi na moja ya mafumbo, na kila seti ina majibu yake. Mraba lakini ni mmoja. Anayetaka kujaza zote mbili lazima auchore wa pili mwenyewe, na mimi hutumia daftari la hesabu la watoto wa shule, lile lenye miraba. Karatasi ya gazeti haipatani na kalamu ya wino: wino hutambaa, na ukijaribu kufuta karatasi inachanika, hasa kwenye joto letu la mwezi wa Machi mkono ukiwa umelowa jasho. Penseli laini ndiyo inayofaa. Nambari za visanduku ni ndogo mno, kwa hiyo mwenye miwani asiiache nyumbani.

Seti nyepesi sitaikalia. Ni maana ya neno na idadi ya herufi, basi. Inamfaa anayeanza, na inafaa kwa foleni ya feri Likoni.

Ile ya mafumbo ndiyo iliyonishika. Karibu kila kidokezo kina sehemu mbili: moja ni maana ya jibu, nyingine ni njia ya kulijenga jibu hilohilo herufi kwa herufi. Huambiwi ipi ni ipi, na sentensi nzima imepambwa ili ikupeleke kwingine. Nikitaka kumweleza mtu mfumo huu huwa namtungia vya Kiswahili, kwa sababu vya Kiingereza vina mengi ya kueleza kabla ya kufika. Chukua hiki: "Samaki wa mtaani", herufi tatu. Maana ni samaki. Njia ni hilo neno la mwisho, ambalo ndani yake amelala TAA. Au hiki: "Mali ikivurugwa hutandazwa barabarani", herufi nne. "Ikivurugwa" inakwambia uzipange upya herufi za neno lililotangulia, na MALI inakuwa LAMI. (Herufi hizo nne ni hazina, zinatoa pia MILA, LIMA na IMLA.) Kingine hakina kuvuruga wala kuficha, kina maana mbili za neno moja: "Mmoja yuko mikokoni, mwenziwe yuko jikoni", herufi tatu. Ni KAA, yule wa gando na lile la moto.

Mtu akishaelewa hivyo vitatu, ana silaha za kutosha kushindana na robo ya fumbo la siku yoyote. Zinazobaki ni mazoea. Watunzi wa Kiingereza wana vifupisho vyao ambavyo hutumia tena na tena: daktari huwa DR au MO (medical officer), malkia huwa ER (Elizabeth Regina), askari huwa RE (Royal Engineers) au OR (other ranks). Wanapenda sana kriketi na mito ya Uingereza. Haya yote hayamo kwenye kamusi ya kawaida kwa namna ya kumsaidia mjazaji, na hapa ndipo baraza linapoingia.

Jioni baada ya Isha tunakutana watatu wanne barazani Kibokoni. Muuza kahawa akipita na dele lake tunamsimamisha, na gazeti linafunguliwa. Kanuni yetu ni kwamba anayetoa jibu atoe na sababu yake. Kusema "limeingia kwenye visanduku" hakukubaliki, kwa sababu neno linaweza kuingia na bado likawa silo. Jioni moja kulikuwa na kidokezo kilichotaja baharia na barabara, na maana yake, kwa nilivyoisoma mimi, ilikuwa ng'ambo. Jibu lilikuwa ABROAD. Nililipata mchana kwa msaada wa herufi zilizokatiza kutoka juu. ROAD iko wazi, ni barabara. Zile mbili za mwanzo zikanisumbua kutwa nzima. Nikamgeukia mzee wetu mmoja, mtu aliyekula chumvi nyingi kwenye meli za mizigo.

"Ami, baharia na AB vinahusiana vipi?"

"AB ni mimi," akasema. "Ndicho cheo kilichoandikwa kwenye kitabu changu cha ubaharia. Ukiingia melini unaanza OS, ordinary seaman, unasugua sitaha, unabeba kamba. Ukishaweza kushika usukani na kuifahamu kazi, unapandishwa AB, able seaman. Juu yako ni serahangi, msimamizi wa mabaharia."

Akaeleza na siku alipopandishwa, bandari gani, na jinsi alivyotuma mshahara wa kwanza wa cheo hicho nyumbani. Tulikaa na herufi mbili zile hadi kahawa ikapoa. Tangu siku hiyo, baharia akitokea kwenye kidokezo hatuna haja ya kuuliza. Kwa kriketi tunaye jirani aliyekuwa akienda kutazama mechi Mombasa Sports Club tangu utotoni. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba upande mmoja wa kiwanja unaitwa ON, mwingine OFF, na kwamba watunzi huvitumia vyote viwili kidokezo kikisema "upande", na ON peke yake kikisema "mguu". Nimejifunza mengi kwa watu hawa wawili kuliko kwa kitabu chochote cha mafumbo nilichowahi kushika.

Sasa malalamiko yangu, na ninayo. Majibu hutoka siku ya pili, kwenye kijimraba kidogo kisichozidi ukubwa wa stempu. Kungoja hakunikeri, usiku mmoja wa kungoja ndio unaofanya mazungumzo yawepo. Kinachonikera ni kwamba unapewa herufi tupu. Hakuna hata mstari mmoja wa kueleza kidokezo kigumu cha jana. Mtu anayejifunza peke yake, kule Mtwapa au Changamwe, asiye na ami wa kumuuliza, anaona ABROAD imeandikwa pale na bado hajui AB ilitoka wapi. Kesho akikutana nayo tena, amekwama palepale. Halafu kuna siku tangazo linakula ukurasa na fumbo halipo kabisa, na kuna siku majibu yaliyochapishwa si ya fumbo la jana. Tumeandika barua. Hatujajibiwa. Msomaji aliyelipia gazeti kwa ajili ya ukurasa huo anastahili bora kuliko hivyo, na nafasi inayohitajika ni ndogo: vidokezo vitatu vya jana, maelezo ya sentensi moja moja.

Nimejaribu pia mafumbo ya simu. Ni safi, hayachaniki, na unaweza kujaza kwenye matatu usiku. Lakini herufi ikikosewa inageuka nyekundu papo hapo, na kuna kitufe cha kufichua neno. Kile kitufe kinaua kila kitu. Unapata jibu kabla hujalitafuta, na huna tena cha kupeleka barazani. Kwa anayetaka kupitisha muda, sawa. Kwa anayetaka kujifunza kufumbua, namshauri gazeti.

Kuna jambo la historia ambalo nadhani kila mjazaji wa fumbo wa Mombasa angefaa alijue. Fumbo la maneno la gazetini ni jambo la juzi tu: Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alilichapisha la kwanza tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, na mraba wake haukuwa mraba, ulikuwa na umbo la almasi. Haikupita miaka thelathini likawa chombo cha vita. Mnamo Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph la London liliwaita wasomaji wake washindane kumaliza fumbo kwa dakika 12, na baadhi ya walioshiriki wakaandikiwa barua kuitwa Bletchley Park, kituo cha siri cha Waingereza, kuvunja misimbo ya adui. Hilo linajulikana sana. Lisilosemwa sana huku kwetu ni kwamba mwaka huohuo, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo mwezi wa Aprili, Waingereza waliwahamishia wavunja misimbo wao wa Bahari ya Hindi hapahapa kisiwani, katika jengo la Shule ya Allidina Visram, na kituo kikajulikana kwa jina la Kilindini. Hapo ndipo ulipovunjwa msimbo wa JN-40 wa meli za biashara za Japani. Ilipofika Novemba 1942 walikuwa wakiusoma. Msimbo ule uligeuza maandishi kuwa tarakimu, kisha ukazipanga upya kwa safu. Kuzirudisha mahali pake ni ndugu wa ile kazi ya kuitoa LAMI ndani ya MALI, ila wao walikuwa na maisha ya mabaharia mikononi. Nikipita karibu na shule ile huwa napunguza mwendo.

Na sisi wenyewe tulikuwa na mafumbo kabla ya Wynne kuzaliwa. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita wa mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa akitunga mashairi ya kujibizana ambayo msikilizaji asiyejua kilichofichwa alitoka mikono mitupu. Ndiyo maana nashangaa kuona fumbo la Kiswahili linapochapishwa huwa ni la maana tupu: "kinyume cha ndogo", "wingi wa mti". Lugha yetu inaweza zaidi. Ina tabia zake mrabani, na mjazaji akizijua anakwenda mbio: maneno karibu yote yanaishia kwa irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho unaweza kukibashiri hata hujasoma kidokezo, C haiji bila H kumfuata, Q na X usizingoje. Ugumu uko kwingine. Je, ni MAALUM au MAALUMU? Ile alama ya NG'OMBE inapewa kisanduku chake au inarukwa? Kila mtunzi ana lake, na ingefaa gazeti liseme wazi juu ya mraba linafuata lipi.

Halafu kuna maneno ya pwani. Kwenye fumbo moja la Kiswahili kulikuwa na "nyuma ya chombo", herufi nne, na mwenzetu kijana aliyelelewa bara akawa ameandika NGAMA kwa nguvu, A ya mwisho ikabanwa pembeni. Ami akamwambia ngama ni tumboni mwa chombo, chini kunakokusanyika maji, na nyuma ni TEZI kama mbele ilivyo OMO. Akamkumbusha na ule usemi wa kwenda tezi na omo marejeo yakawa ngamani. Yule kijana alikuwa akiujua usemi mzima tangu shuleni, ameuandika kwenye insha akapewa alama, na hakuwahi kuuona ukiwa ni mahali pa kukanyaga ndani ya jahazi. Alifuta, akaandika TEZI, na Z yake ikafungua neno la kulia ambalo sote lilitushinda.

Siku hizi ukurasa wa nyuma wa daftari langu la hesabu una vidokezo vyetu wenyewe, vya Kiswahili, vya mafumbo. Ami ndiye aliyetunga ninachokipenda zaidi: "Si rahisi ukilipanga upya: lina vina na mizani", herufi sita, na RAHISI ikigeuka SHAIRI barazani watu hupiga makofi. Tunakusudia kufikisha vya kutosha mraba mzima na kumpelekea mhariri, pamoja na maelezo ya kila kimoja.

Hiki ni cha fundi cherehani mmoja wa Biashara Street, naye hataki kusema jibu mpaka mtu aeleze njia: "Samaki kavurugika, sasa anakata leso", herufi sita.