Nairobi hadi New York bila kushuka: mimi, mama mkwe na saa 15 angani

Ukisafiri na mzee, lipa nyongeza ili upande ndege ya moja kwa moja. Ukiwa kijana mwenye begi moja mgongoni, pitia Amsterdam au Dubai, pesa itakayobaki utaila.

Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK wa New York ni kama kilomita 11,800. Kupitia Amsterdam kunaongeza kama 700 tu. Kupitia Dubai kunaongeza zaidi ya 2,500, maana unaanza kwa kuipa Marekani mgongo. Lakini kilomita hazimchoshi mtu kama kusubiri. Safari iliyotangulia, kwenye uwanja mmoja wa kubadilishia ndege, kiti cha magurudumu tulichoomba hakikuonekana. Mama mkwe akatembea lango hadi lango, magoti yakavimba. Mke wangu hadi leo ananiuliza nani alikata ile tiketi.

Desemba tukapanda hii ya moja kwa moja ambayo Kenya Airways waliianzisha Oktoba 2018, Boeing 787-8. Inaondoka usiku, na ubaridi wa usiku una faida yake: uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 inahitaji kila msaada ili iinuke.

Kilichonifurahisha zaidi ni hewa ya ndani. Ndege nyingi za zamani hukupa hewa kama ya mlima wa mita 2,400. 787 hukupa ya mita 1,800 hivi. Hiyo ni Nairobi kabisa! Mama, ambaye siku zote hushuka akishika kichwa, safari hii aliomba chai, akaongeza, akalala.

Viti vya daraja la kawaida ni vitatu vitatu. Yeye dirishani, mimi njiani, katikati dada tusiyemjua. Namshukuru sana huyo dada, kwani kwetu Ukambani mtu habanani mabega na mama mkwe wake usiku kucha.

Na usiku wenyewe hauishi. Unaelekea magharibi, giza linakufuata. Saa yangu ilionyesha saa nne asubuhi ya Kenya, nje weusi mtupu. Mama akabonyeza kitufe cha dirisha (halina pazia, kioo chenyewe ndicho hufifia), akachungulia, akaniita: “Mwanangu, leo hakuchi?”

Kurudi ni kama saa 14, upepo wa magharibi unasukuma. Unaondoka mchana, unafika Nairobi kesho yake asubuhi. Kenya iko mbele ya New York kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao, 8 kuanzia Novemba. Ratiba hubadilika kwa msimu, kwa hiyo angalia siku kabla ya kuomba likizo kazini. Kiti cha magurudumu omba siku ileile unayokata tiketi, kisha piga simu kuhakikisha.