"Hapa hatuuzi namba, tunauza spea": uzoefu wangu wa kutafuta paneli za ndani za Mark II hapa Arusha

Natanguliza hukumu kwa sababu hasira haijaisha: duka moja la spea za mtumba maeneo ya Unga Limited, msiende. Jina silitaji, sitaki kutia mchanga kitumbua cha mtu. Ila yaliyonikuta nitayasema yote.

Gari langu ni Toyota Mark II Grande, GX110. Injini nzima, bodi nzima, lakini ndani lilikuwa limechoka. Paneli ya swichi za vioo upande wa dereva ilikuwa imepasuka, na ile inayozunguka gia imebabuka kwa jua na kujaa mikwaruzo ya wenyewe waliotangulia. Nikaamua nitafute zile zenye michirizi ya mbao na nizifunge mwenyewe nyumbani Sakina. Kazi ya plastiki za ndani haihitaji gereji. Inataka subira, kijiti cha mbao au plastiki cha kubanjulia, na klipu za akiba, maana klipu za zamani zimekauka na lazima baadhi zivunjike. Mafundi wetu wengi kila kitu kwao ni bisibisi. Ndiyo maana ukifungua mlango wa gari lililopita mikononi mwao unakuta kingo zote zimetafunwa.

Sikukurupuka. Nilibandua paneli zangu kwanza nikazipiga picha kwa nyuma. Huko nyuma ndiko ukweli wa plastiki ya gari uliko. Namba kamili ya spea ya Toyota ni herufi na tarakimu tano, kistari, tano nyingine, halafu kwa vitu vya ndani zinafuata mbili za mwisho ambazo ni rangi, mfano B0 au C0. Kwenye plastiki yenyewe mara nyingi unakuta imechorwa sehemu tu ya namba hiyo, bila rangi, kwa hiyo rangi unaihakikisha kwenye kibati cha gari, mstari ulioandikwa C/TR: kabla ya mkwaju (/) ni rangi ya nje, baada ya mkwaju ni ya ndani. Nilikuwa na hivyo vyote kwenye simu.

Kwenye simu bwana mwenye duka hilo alikuwa asali. "Ipo dada, GX110 kamili, imetoka kwenye gari la kuchinja juzijuzi. Tuma nusu nikuwekee, wateja ni wengi." Bei ya paneli ya mlango na ya gia tulikubaliana Sh80,000, nikatuma Sh40,000. Picha za nyuma nilimtumia na akaniambia ameziona.

Nafika dukani, paneli ya mlango bado imo kwenye mlango uliokatwa, imejaa vumbi. Nikamsalimia, nikamwomba kwa heshima kabisa aitoe taratibu tuangalie nyuma kabla hatujaendelea. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema kwa sauti ya kusikika duka zima: "Dada, hapa hatuuzi namba, tunauza spea."

Sijawahi kukerwa na sentensi kama nilivyokerwa na hiyo. Namba ndiyo spea! Bila namba unauza kipande cha plastiki.

Nikiwa bado natafuta maneno, akachomeka bisibisi bapa kwenye pembe na kuinyanyua kwa nguvu. Ikalia ta! Sikio moja la kushikia klipu likaruka mpaka chini ya meza. Wala hakuinama kuliokota. Akanipa ile paneli kama anayempa mtu chenji.

Nilipoigeuza nikaona mara moja si yangu. Matundu ya skrubu yako kwingine, na namba haifanani hata kwa mbali. Ilikuwa ya Verossa, Toyota nyingine. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu huu ndio mtego unaowakamata watu wengi: GX110 ni msimbo (code) wa chesisi, si jina la gari moja. Mark II ya kuanzia 2000 inaitwa GX110, na Verossa iliyoanza 2001 nayo inaitwa GX110. Chini ni ndugu, injini ya 1G-FE ni ileile, kwa hiyo ukitafuta spea za miguu au za injini utafanikiwa sana. Ndani ni magari mawili tofauti. Dashibodi ya Verossa ina umbo lake na milango ina plastiki zake. Ukitaka jamaa wa karibu wa Mark II kwa vitu vya ndani tafuta Blit, ile stesheni wagoni yake, kwa sababu dashibodi zinafanana.

Nikamweleza hayo, bila kupandisha sauti. Jibu lake: "GX110 ni GX110." Nikamwonyesha picha, nikaiweka simu pembeni kwa pembeni na ile paneli. Akageukia wateja waliokuwa kwenye benchi akacheka, kisha akaniambia, "Mama, mlete mzee wako, nitaelewana naye." Wale wa kwenye benchi nao wakacheka. Mimi ndiye niliyelinunua hilo gari, kwa hela yangu, na mimi ndiye ninayelala chini yake.

Nikaomba hela yangu. Hapo sasa ndipo nilipojua nashughulika na mtu wa aina gani. Eti spea ikishabanduliwa kwenye mlango imeshauzwa. Aliyeibandua ni nani? Aliyeivunja ni nani? Akachana karatasi ya daftari, akaandika kwa kalamu "mali ikishauzwa hairudishwi", akanipa kama risiti. Nilipoomba risiti ya mashine, akasema hiyo ina bei yake. Na lile sikio? "Bandika gundi." Nyuma ya paneli imeandikwa >PP<, yaani polipropilini. Gundi ya kawaida haishiki plastiki hiyo, inakaa siku mbili inabanduka ganda zima. Ingekuwa ABS, plastiki nyingine inayokubali gundi, ningemwelewa kidogo. PP unaiunganisha kwa moto, kwa pasi ya kulehemu nyaya na mkono uliotulia, na bado haiwi kama mwanzo. Mtu anayeuza plastiki kila siku hajui hilo, au anajua na hajali.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema duka lote ni baya. Nilipotoka nje, kijana mmoja anayefanya kazi mle alinifuata na paneli ya gia mkononi. "Dada, samahani sana. Angalia hii." Aliigeuza mwenyewe kabla sijamwambia. Namba ni yenyewe, rangi ya ndani ni yenyewe, michirizi ya mbao inang'aa, hakuna hata ufa. Akaniongezea klipu kiganja kizima kutoka kwenye kopo la rangi, amezichambua kwa ukubwa, na hakutaka nizilipie. Nikamalizia Sh40,000 iliyobaki kwa ajili yake, si kwa ajili ya bosi wake.

Paneli hiyo ndiyo iliyomo kwenye gari leo, na imekaa kama ilitoka nayo kiwandani. Hakuna mwanya na wala haipigi kelele kwenye barabara ya vumbi. Kila nikiingia naitazama na moyo unafurahi. Kwa mali peke yake, mle ndani mna mzigo mzuri kuliko maduka yote niliyozunguka Ngarenaro na Kaloleni. Kwa hiyo labda niseme: nendeni, ila mwulizieni kijana.

Ya mlango niliipata Dar. Dalali mmoja wa Ilala, ambaye hanijui wala simjui, nilimtumia namba, naye kabla hajataja bei akanirushia picha ya mbele, ya nyuma na ya kila sikio. Ikapakiwa kwenye basi, ikapita zaidi ya kilomita 600, ikafika stendi imefungwa kwenye boksi na gazeti, haina hata mkwaruzo. Ya umbali wa kunyoosha mkono pale Unga Limited ilivunjwa mbele ya macho yangu.

Jambo moja kwa wanaotaka kuendelea mpaka plastiki za nguzo za mbele au usukani: ukiona maandishi SRS AIRBAG, yaani kuna mfuko wa hewa wa usalama (eabegi), toa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla hujagusa kitu. Na plastiki ya nguzo yenye eabegi ya pazia ina klipu zake maalumu, usiweke za kawaida. Hilo si la kubahatisha.

Nimeandika hapo juu kwamba nendeni mkamwulizie kijana. Nimelisoma tena na nalifuta. Kijana akiuza, hela inaingia kwa yule bwana, na atakayeingia kesho na picha zake kwenye simu atachekwa na benchi lilelile. Kijana huyo akifungua meza yake mwenyewe nitampelekea wateja kwa miguu yangu. Mpaka hapo, msiende. Mwenye haraka na asiye na njia nyingine aende, lakini asitume hata shilingi kabla hajapata picha ya nyuma, na kubandua abandue mwenyewe.

Ile paneli ya Verossa bado ninayo. Ni ya upande wa dereva, rangi ya ndani nyeusi, sikio moja la chini halipo, mengine ni mazima. Mwenye Verossa aliyeko Arusha au Moshi na anaihitaji, nampa bure.